Kolesteroli na Figo: Karatasi za Maabara Zisomwe Pamoja

Mtu akipimwa kolesteroli hapa Lamu, macho huenda kwenye mstari wa LDL, ile kolesteroli iitwayo mbaya, kisha karatasi hukunjwa ikatiwa kabatini. Karatasi hiyo ina habari za figo pia, mradi isomwe pamoja na nyingine mbili: kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huichuja) na albumini ya mkojo (protini ya damu isiyotakiwa kuvuja kwenye mkojo).

Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mwili huyapakia kwenye lipoprotini, chembe za mafuta na protini, kama mizigo inavyopakiwa mashuani kwenda Manda. Kila chembe ya LDL ina protini moja tu ya apolipoprotini B. Ukizihesabu protini hizo, umezihesabu mashua zenyewe. Kama maabara haipimi protini hiyo, ipo hesabu ya karibu: toa HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri, kwenye kolesteroli yote. Yote ikiwa milimoli 6.1 kwa lita na HDL 0.9, zinabaki 5.2, na huo ni mzigo mkubwa kwa mishipa.

Wenye trigliseridi (mafuta mengine ya damu) za juu na HDL ya chini huonekana mara nyingi zaidi miongoni mwa wanaopungukiwa na nguvu za figo. Lakini chanzo chaweza kuwa figo zenyewe. Chujio la figo lililoharibika huvujisha albumini nyingi, na ini, katika kufidia, huzidisha lipoprotini, kolesteroli ikapanda. Basi mtu ambaye kolesteroli yake imeruka ghafla, miguu imevimba na mkojo una povu lisilokatika, apimwe figo kwanza kabla ya kulaumu nazi.

Kreatinini peke yake hudanganya. Mikromoli 110 kwa lita, kwa kijana wa kiume wa miaka 30, ni uchujaji wa takriban 80, yaani mililita za damu zinazosafishwa na figo kwa dakika. Namba hiyohiyo kwa bibi wa miaka 70 ni takriban 47, yaani figo zimeshuka sana, ingawa yeye hasikii maumivu yoyote. Ulizeni kiwango cha uchujaji, msiridhike na kreatinini tu. Na usiku wa kuamkia kipimo msile pilau la nyama nyingi, kwa kuwa nyama iliyopikwa huipandisha kreatinini.

Mkojo unaofaa ni wa kwanza asubuhi. Homa, hedhi, maambukizi ya njia ya mkojo au kazi nzito ya jana yake huweza kupandisha albumini. Ikifika miligramu 3 kwa milimoli ya kreatinini, kipimo kirudiwe. Uchujaji chini ya 60, au albumini ya juu, ukidumu zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo.

Jikoni, tui zito hupandisha LDL, lakini trigliseridi huchochewa zaidi na chai tamu, kaimati na soda. Ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, ilowekwe na maji yamwagwe. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai.

Mgonjwa wa figo mwenye miaka 50 au zaidi kwa kawaida hupewa statini, dawa ya kushusha kolesteroli, hasa kwa ajili ya moyo. Asiiache namba zikishuka, maana zimeshuka kwa sababu anaimeza. Kinachotutia hofu zaidi ni diklofenaki, dawa ya maumivu, anayoimeza mvuvi kila jioni kwa maumivu ya mgongo, baada ya kutwa juani bila maji ya kutosha, tena akiwa kwenye dawa za presha. Mchanganyiko huo huweza kuangusha figo kwa siku chache.