VPN na Wi-Fi ya chuo: wanayoambiana wanafunzi na ukweli wenyewe

Kila mwaka wanafunzi wapya hufundishwa na wenzao namna ya kupenya vizuizi vya Wi-Fi ya chuo, mara nyingi kwa VPN (programu inayosimba data zako, yaani kuzigeuza zisisomeke, na kuzipitisha kwenye seva ya mtu mwingine), na pamoja na mbinu hurithishwa uongo unaoweza kuwagharimu.

"Nikiwasha hali fiche, chuo hakinioni."
Kinakuona. Hali fiche (incognito) huzuia simu au kompyuta yako isitunze historia tu. Data zako bado zinapita kwenye mitambo ya chuo. Kivinjari cha Chrome chenyewe hukuandikia hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa hali fiche, ila wengi hawausomi.

"Tovuti yenye kufuli haionekani."
Nusu kweli. Kufuli hilo ni alama ya HTTPS, njia ya kusimba mawasiliano yako na tovuti. Inaficha unachosoma na unachoandika, nywila ikiwemo, lakini kwa kawaida jina la tovuti hubaki wazi. Msimamizi wa mtandao anajua umekwenda wapi na saa ngapi. Kwenye kompyuta ya ofisi au maabara iliyowekewa cheti cha taasisi (faili linaloiruhusu taasisi kuifungua HTTPS katikati ya njia), hata hicho unachoandika kinaweza kusomwa. Mambo ya benki usiyafanyie hapo.

"VPN ya bure ni salama, mradi inafungua tovuti zilizozuiwa."
Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ukiwasha VPN, chuo hakioni tena unakokwenda, lakini mwenye VPN anaona. Umebadilisha mlinzi tu, na huyu mpya humjui hata jina. Mwaka 2016 watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, na wenzao walichunguza programu 283 za Android zinazotumia ruhusa ya VPN: asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 18 hazikusimba data kabisa. Halafu kuna Onavo, kampuni yenye VPN ya bure, iliyonunuliwa na Facebook mwaka 2013. Watu waliipakua VPN hiyo kama kinga, kumbe Facebook iliitumia kujua wanatumia programu gani nyingine. Iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018. Kabla ya kupakua VPN ya bure, jiulize seva zake zinalipiwa na nani.

"VPN inapita popote."
Inapita penye intaneti. Uganda, Januari 2021, Facebook ilifungwa siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14, na wenye VPN wakaendelea kuingia. Jioni ya kuamkia kura intaneti ikazimwa nchi nzima. VPN zikakosa pa kupita.

"Hakuna sheria inayonihusu."
Kwa Tanzania ipo. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili hadi tarehe 30 ya mwezi huo, ikitaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Naona ni adhabu nzito mno kwa mtu anayelinda mawasiliano yake, lakini mwanafunzi anapaswa kuijua kabla ya kupakua.

"Wamezuia makusudi, kuomba ni kupoteza muda."
Mara nyingi hakuna mtu aliyeuangalia ukurasa huo. Vichujio hupanga tovuti kwa makundi na maneno, na makala ya saratani ya matiti inaweza kufungiwa pamoja na ponografia. Ukurasa wa kizuizi mara nyingi hutaja kundi lililosababisha. Upige picha, nakili anwani ya tovuti, eleza unaihitaji kwa somo gani, kisha uwatumie watu wa TEHAMA. Kuifungua tovuti moja ni kazi ya dakika chache kwao.