Mtoto Asiyekula Nyama Hana Damu?

Hapa Moshi, mtoto akikataa nyama ya mbuzi aliyekuwa akimkatia majani, wakubwa humwambia: usipokula hutapata damu wala nguvu. Kauli hii nimeisikia tangu utotoni. Si kweli, na inaumiza, kwa sababu inamfundisha mtoto kuionea aibu huruma yake.

Protini imo kwenye maharage, choroko, kunde na karanga. Kiburu chetu, ndizi na maharage, hakihitaji nyama. Kande nayo ina siri yake: mahindi yana upungufu wa laisini, moja ya sehemu zinazojenga protini, maharage yanayo kwa wingi, kwa hiyo vikipikwa pamoja vinakamilishana.

Na damu? Madini ya chuma yamo kwenye maharage na mboga za majani. Mwili huyafyonza kwa kiasi kidogo kuliko yale ya nyama, lakini chungwa pamoja na mlo husaidia sana. Chai huzuia madini hayo yasifyonzwe, na wengi wetu huwapa watoto chai pamoja na mlo.

Lipo jambo la kuzingatia kweli: mimea haitoi vitamini B12, ambayo mwili huihitaji kutengeneza damu. Mtoto asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima apewe vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Kipimo chake muulizeni daktari.