Je, wajua kwa nini mtihani wa uraia huwauliza wananchi kwanza, ndipo uwaulize wanafunzi?

Mkulima wa korosho wa Tandahimba au Newala, kusini mwa Tanzania, hahitaji kuelezwa kangomba ni nini. Mnunuzi wa kangomba hufika kwa mkulima kabla ya mnada, akiwa na kopo badala ya mizani, na muuzaji hupokea fedha bila kujua kwa hakika ni kilo ngapi zimeondoka nyumbani kwake. Serikali imeupiga marufuku ununuzi huo, na kinacholalamikiwa ndani yake si bei peke yake, bali pia kwamba kipimo kimechaguliwa na upande mmoja. Naanza na kopo hilo kwa sababu swali la makala haya nalo ni la kipimo: nchi inapotaka kujua wanafunzi wake wanaelewa nini kuhusu uraia, kwa nini hulazimika kuwaita wazazi, walimu, wanasheria na wananchi wa kawaida, na kuwauliza kwanza ni kitu gani kipimwe?

Katika hisabati jambo hili halina uzito mkubwa, kwa kuwa hakuna mzazi wa Masasi atakayebishana na mzazi wa Moshi kuhusu jibu la saba mara nane. Uraia ni somo la namna nyingine. Anayeamua kwamba mtoto wa miaka kumi na minne aulizwe kuhusu mihimili mitatu ya dola, na asiulizwe kuhusu haki ya kijiji juu ya ardhi yake, amekwisha kutoa maelezo yake ya raia mwema kabla karatasi ya kwanza haijachapishwa. Maswali ya mtihani wa uraia yakikusanywa pamoja huchora picha ya mtu ambaye taifa linatamani kumlea, na picha hiyo ikichorwa na watu wachache ofisini, waliobaki wana haki ya kuuliza ni nani aliyewatuma.

Mfano unaofahamika zaidi wa mtihani wa aina hii uko Marekani, na ni vizuri kuueleza kwa undani kidogo kwa sababu unatofautiana sana na mitihani tuliyoizoea. Nchi hiyo ina upimaji wa kitaifa wa elimu ulioanza mwaka 1969, ambao watu wengi huuita kadi ya ripoti ya taifa. Mwanafunzi anayeufanya hapewi cheti, hapati daraja, wala shule yake haipangwi katika orodha ya waliofanya vizuri na waliofanya vibaya. Huchaguliwa sampuli ya wanafunzi kutoka shule mbalimbali, na majibu yao hutumika kukadiria hali ya nchi nzima, kama vile mpishi anavyoonja mchuzi kwa kijiko kimoja bila kuimaliza sufuria. Anayetahiniwa hasa ni taifa lenyewe.

Ugumu wake ni kwamba Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Kila jimbo hujipangia masomo yake, na kwa hiyo mtunga maswali hana muhtasari mmoja ambao angeweza kuufungua na kusema kwamba hili limefundishwa kote. Mwaka 1988 Bunge la nchi hiyo liliunda bodi ya kuusimamia upimaji huo, yenye wajumbe 26 wanaotoka katika makundi tofauti, wakiwamo magavana, wabunge wa majimbo, walimu, wakuu wa shule, wataalamu wa upimaji na wazazi. Kazi yake moja kubwa ni kuandaa mwongozo wa upimaji, yaani waraka unaosema somo lipimwe katika maeneo gani, kwa uzito gani na kwa maswali ya aina gani. Rasimu ya mwongozo huo ndiyo inayotangazwa ili kila anayetaka atoe maoni yake.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Wananchi hawaoneshwi maswali ya mtihani ujao, maana mtihani ulioonekana na kila mtu haupimi tena kitu. Wanaoneshwa mwongozo, na maswali huandikwa baadaye kwa siri na taasisi nyingine ya serikali inayoshughulikia takwimu za elimu. Tanzania nayo ina mgawanyo unaofanana na huo, ingawa kwa sura tofauti: Taasisi ya Elimu Tanzania huandaa mitaala na mihtasari, na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutunga na kusimamia mitihani. Mwaka 2023, rasimu za sera ya elimu na mitaala mipya zilipowekwa wazi ili wadau wazitolee maoni, kilichojadiliwa ni kile kitakachofundishwa, na hakuna aliyetarajia kuoneshwa karatasi ya Kidato cha Nne. Mitaala hiyo ilianza kutumika Januari 2024, ikileta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na kwa mtu aliyesoma Siasa miaka ya themanini na kuwaona wadogo zake wakisoma Uraia baada ya nchi kuingia katika vyama vingi, hii ni mara nyingine tena kuona somo la raia mwema likibadili jina.

Mwongozo wa Marekani wa somo la uraia, uliotumika kuanzia mwaka 1998, umejengwa juu ya maswali makubwa matano. Maisha ya kiraia, siasa na serikali ni nini? Mfumo wa kisiasa wa nchi umesimama juu ya misingi gani? Serikali iliyoundwa na katiba inatimizaje malengo na maadili ya demokrasia? Nchi ina uhusiano gani na mataifa mengine? Na raia ana nafasi gani katika haya yote? Pamoja na maarifa hayo mwongozo unataja stadi, kama kueleza jambo, kulichambua na kutetea msimamo kwa hoja, halafu unataja mwelekeo wa kiraia, yaani zile tabia zinazomfanya mtu aheshimu haki za mwenzake na kushiriki katika mambo ya umma.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachozua ubishi, na kwa maoni yangu ndicho kinachofanya ukusanyaji wa maoni uwe wa lazima. Sheria ya upimaji huo inakataza kupima imani na misimamo binafsi ya mwanafunzi au ya familia yake. Kwa hiyo mtunga maswali anaweza kumuuliza mtoto kwa nini demokrasia huhitaji watu wanaovumilia maoni tofauti, lakini hawezi kumuuliza kama yeye mwenyewe huyavumilia. Mpaka kati ya maswali haya mawili ni mwembamba, na aliye nje ya ofisi mara nyingi huuona kabla ya aliye ndani.

Mpaka huo tunaweza kuuona hapahapa kusini. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982, na mwaka 2013 mpango wa kuisafirisha gesi ya Mtwara kwa bomba hadi Dar es Salaam ulisababisha maandamano na ghasia ambazo wakazi wa mkoa huu hawajazisahau. Swali lisemalo “Taja chombo chenye mamlaka ya kutunga sheria kuhusu rasilimali za taifa” ni la maarifa, na jibu lake ni moja, awe aliyeulizwa anaishi Mikindani au Mwanza. Swali lisemalo “Eleza hoja moja ya wanaotaka mapato ya rasilimali yaanze kunufaisha eneo zinakotoka, na hoja moja ya wanaotaka yagawanywe nchi nzima” ni la stadi, na mtoto mwenye msimamo wowote anaweza kulijibu vizuri. Lakini swali lisemalo “Kwa nini raia mwema hapingi miradi ya maendeleo?” limeshaamua ugomvi kabla ya mtoto kushika kalamu, kwa kuwa limeficha hukumu ndani ya neno “mwema”. Mkazi wa Mtwara aliyeshuhudia mwaka 2013, upande wowote aliokuwapo, angelitambua swali hilo mara moja, ilhali mtunzi aliye mbali angeweza kuliandika kwa nia njema kabisa.

Maoni yakishapokelewa, je, huhesabiwa kama kura? Hapana, na historia yetu ina kielelezo kizuri. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kuuliza Watanzania kama wanataka chama kimoja au vyama vingi, ilikuta takriban asilimia 80 wakitaka chama kimoja kiendelee na asilimia 20 wakitaka vyama vingi. Tume ilipendekeza vyama vingi, na Julai 1992 nchi ikaingia katika mfumo huo. Mtu aweza kuikubali au kuikataa busara ya uamuzi ule, lakini unaonesha kazi ya maoni ilivyo: hoja hupimwa uzito wake, na idadi ya walioitoa ni sehemu tu ya uzito huo. Hata katika mwongozo wa mtihani, mwalimu mmoja anayeonesha kwamba kipengele fulani hakifundishiki kwa umri wa wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani anaweza kuwa na uzito kuliko barua mia zenye maneno yaleyale yaliyonakiliwa.

Kuna sababu nyingine inayowafanya waandaaji wasikubali kila pendekezo, nayo inaturudisha kwenye mizani. Matokeo ya uraia ya Marekani ya mwaka 2022, kwa wanafunzi wa darasa la nane, yalionesha wastani umeshuka kwa alama 2 kutoka mwaka 2018, katika kipimo cha alama 0 hadi 300, na ni asilimia 22 tu waliofikia kiwango kinachohesabiwa kuwa cha umahiri. Kushuka huko, kwa mara ya kwanza tangu 1998, kulijulikana kwa sababu mwongozo ulikuwa uleule. Kila anayependekeza mada mpya iingizwe, hata ikiwa nzuri, anapendekeza pia pishi la kupimia libadilishwe, na pishi likibadilika sana huwezi tena kusema kama mavuno ya mwaka huu ni haba kuliko ya mwaka wa nyuma. Bodi hulazimika kuchagua kati ya mtihani unaolingana na wakati na mtihani unaolinganishika na wa zamani.

Linalobaki ni nani hasa anayesikika. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na kwa hiyo ndio mlango mpana zaidi ambao maoni ya Nanyumbu au Liwale yangeweza kupitia. Hata hivyo, ukiuitisha mwezi Novemba, wakati watu wanaokota korosho na masikio yote yako kwenye bei ya mnada, utapata wazee wachache na mtendaji wa kijiji, na muhtasari wa kikao utasomeka kana kwamba kijiji kizima kilikuwapo. Rasimu yenye kurasa mia, iliyoandikwa kwa lugha ya wataalamu, huwafunga mdomo wengi kuliko umbali wa barabara. Na mtahiniwa mwenyewe, aliye na miaka kumi na mitano, hamo katika mkutano huo, ingawa ndiye anayejua ni sura gani ya kitabu hufundishwa na ni ipi hurukwa.

Ndiyo maana, baada ya mwongozo kupita, maswali hujaribiwa kwa wanafunzi kabla ya kutumika, na yale yanayowaangusha hata walio hodari huchunguzwa upya. Chukua swali kuhusu kazi za meya. Mtoto wa Mtwara-Mikindani au wa Lindi mjini anaishi katika manispaa, na meya amemsikia akitajwa. Mtoto wa Liwale anaishi katika halmashauri ya wilaya, ambako anayeongoza madiwani huitwa mwenyekiti, na neno meya kwake ni la kitabuni tu. Wote wawili wanaweza kuwa wanajua sawasawa jinsi baraza la madiwani linavyofanya kazi, ila swali litampa alama mmoja na kumnyima mwingine kwa sababu ya mahali alipozaliwa. Kasoro ya namna hiyo haihitaji shahada kuigundua, bali inahitaji mtu wa Liwale aulizwe mapema, kwa Kiswahili chepesi, na katika mwezi ambao hayuko chini ya mikorosho.