Alumini inachemshiwa wapi? Kuhusu boraidi ya titaniamu

Ule mng'ao wa ndani ya pakiti ya krispi ni alumini, ila sio foili, ni utando wa nanomita kama 40 hivi uliopigwa juu ya plastiki. Wanaichemsha alumini mpaka inakuwa mvuke ndani ya chemba iliyonyonywa hewa, rola la plastiki linapita juu kwa kasi na mvuke unaganda pale. Sasa hiyo alumini unaichemshia kwenye nini? Joto ni karibu 1,500 °C, hapo chuma chenyewe kinakaribia kuyeyuka, na alumini ikiwa moto hivyo inakula karibu kila metali.

Hapo ndo inaingia titaniamu daiboraidi, TiB₂, na kwangu mimi hii ndo boraidi (yaani metali iliyoungana na boroni) tamu kuliko zote. Inayeyuka kwenye 3,200 °C na kitu, ngumu balaa, halafu inapitisha umeme vizuri kuliko titaniamu yenyewe! Atomi za boroni zimeshikana kwa nguvu kwenye tabaka bapa, ugumu unatoka hapo, na katikati ya tabaka zimekaa titaniamu ambazo elektroni zake zinatembea bila shida.

Kwa hiyo chombo chenyewe ndo hita: unabana ncha mbili, unapitisha umeme, kinawaka, waya wa alumini unashuka juu yake taratibu na alumini inatandaa vizuri, haijikusanyi matone. Ila TiB₂ tupu umeme inapitisha kupita kiasi na kuichonga ni kazi, so inachanganywa na boroni naitraidi, karibu nusu kwa nusu, hiyo haipitishi umeme na inachongeka kirahisi. Hata hivyo alumini inakitafuna chombo polepole, vinatokea vimifereji, mwisho unakitupa.

Ndugu zake ZrB₂ (ya zikoniamu) na HfB₂ (ya hafniamu) ndo wale wanaojaribiwa kwa ncha za vyombo vinavyorudi toka angani, NASA walizirusha kwenye majaribio ya SHARP, ya kupima ncha kali kwenye joto la kurudi, 1997 na 2000. Oksijeni inazisumbua, maana oksaidi ya boroni inayojitengeneza juu ikipita 1,200 °C hivi inavukizwa kwa kasi, ndo maana tunaongeza silikoni kabaidi kama 20% iweke glasi juu ya kuzuia oksijeni. Mimi lakini kinachonitisha zaidi ni mipasuko, vile vipande vya 2000 vilivyopatikana vilikutwa vimevunjika, na ubora wa utengenezaji ulichangia. Unga wa hivi vitu haushikani bila joto kali na presha, na ukibaki na kasoro ndogo tu ndani, ufa unaanzia hapo hapo.