Umepona hepataitisi C, ila ini halijawa jipya

Jamani hili la "virusi vimeisha kwa hiyo ini langu ni jipya" nalisikia sana na linaniumiza, maana watu wanaacha kliniki kwa ajili yake. Vidonge vya siku hizi unakunywa wiki 8 mpaka 12 na zaidi ya 95% wanapona kabisa, hiyo ni habari njema mno. Lakini virusi vikikaa miaka kwenye ini vinaacha alama za epijenetiki, yaani herufi za DNA ni zile zile, kilichobadilika ni alama za kikemikali kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imejizungushia, na alama hizo ndo zinaamua jeni ipi iwake ipi izime. Watafiti wamezikuta hata baada ya virusi kuisha, na baadhi zinahusiana na kansa ya ini. Sasa weka na ini lenye mafuta, ambalo nalo lina alama zake, tena hepataitisi C aina ya 3 yenyewe inajaza mafuta kwenye ini. Kama ulishapata sirosisi, yaani ini limejaa makovu, ultrasaundi ya kuangalia kansa kila miezi 6 iko pale pale, pombe acha, kilo punguza.