Je, wajua kwa nini mfanyakazi aliyeridhika si lazima awe ndiye mchapakazi?

Ofisi nyingi za Nairobi, kuanzia Upper Hill hadi Barabara ya Mombasa, huwapa wafanyakazi hojaji ya kuridhika kazini, kisha kwa wakati wake hujaza fomu za tathmini ya utendaji. Karatasi hizo mbili zikiwekwa pamoja, mara nyingi hazikubaliani: kitengo chenye furaha kubwa hakiongozi kwa kazi, na hodari wa idara amejipa 2 kati ya 5 kwenye kuridhika. Haraka haraka lawama huangukia hojaji. Hojaji huenda iko sawa kabisa.

Imani kwamba furaha huzaa bidii ilipata nguvu kutokana na majaribio yaliyoanza 1924 katika kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, Marekani. Watafiti walianza na mwanga wa taa, wakaishia kuhusisha uzalishaji na hisia za wafanyakazi. Imani hiyo inapendeza, kwa kuwa inamwahidi meneja kwamba akiwatendea watu wema, kazi itaongezeka yenyewe. Wema una sababu zake za kutosha bila ahadi hiyo.

Mwaka 2001, Timothy Judge na wenzake walijumlisha data za sampuli 312 zenye wafanyakazi 54,417. Kwa kipimo ambacho 0 ni kutokuwepo uhusiano na 1 ni kwenda sambamba kabisa, walipata 0.30, tena baada ya kurekebisha dosari za vipimo. Hesabu ghafi ilikuwa 0.18. Kwa lugha ya ofisini, 0.30 ina maana hii: chukua wafanyakazi wawili wowote, na yule aliyeridhika zaidi atakuwa ndiye hodari zaidi takriban mara 6 kati ya 10. Ukirusha sarafu ungepata 5. Kwa hiyo anayesema hakuna uhusiano wowote amekosea, na anayetumia alama ya furaha kukisia utendaji wa mtu mmoja amekosea zaidi. Katika kazi tata zinazompa mtu uhuru wa kuamua, uhusiano huwa na nguvu kuliko hapo.

Hata palipo na uhusiano, mshale unaweza kuelekea upande wa pili. Edward Lawler na Lyman Porter walieleza mwaka 1967 kwamba utendaji mzuri huleta malipo na heshima, na hayo ndiyo huleta kuridhika. Muuzaji wa Viwandani anayelipwa kamisheni akiuza sana hufurahi mwisho wa mwezi. Karani ambaye mshahara wake haubadiliki, afanye mengi au machache, hana njia hiyo. Akiwa mchapakazi ndiye anayerundikiwa mafaili ya wengine, na ana kila sababu ya kujaza 2.

Tatizo linalosahaulika zaidi liko kwenye alama ya utendaji yenyewe. Chukua magunia 30 ya viazi pale Soko la Wakulima, kila moja ulipime kwenye mizani ya mchuuzi tofauti. Mizani moja huongeza kilo 4, nyingine hupunguza 3, ya tatu sindano yake imekwama kwenye 50. Sasa jaribu kuthibitisha kwa namba hizo kwamba gunia zito lina viazi vingi. Jambo lisilo na shaka litaonekana dhaifu, kwa sababu sehemu kubwa ya unachokisoma ni tabia ya mizani. Kupima tena kwa mizani ileile hakuponyi kitu. Kinachosaidia ni kupima gunia moja kwenye mizani mbili au tatu na kuchukua wastani, au kwanza kuweka jiwe la uzito unaojulikana juu ya kila mizani.

Msimamizi ndiye mizani hiyo. Utafiti wa Steven Scullen na wenzake wa mwaka 2000, uliohusu mameneja 4,492, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za alama zilitokana na upekee wa anayetoa alama. Sindano iliyokwama ni yule bosi anayempa kila mtu 3 ili asigombane na yeyote. Jiwe la uzito unaojulikana nalo lipo: kabla ya tathmini, wape wasimamizi wote sampuli tatu zilezile za kazi, kila mmoja azipe alama peke yake, kisha wajadili palipo na tofauti ya alama 2 au zaidi. Halafu kila mfanyakazi apimwe na watu wawili wanaoiona kazi yake kweli.

Upande wa hojaji, kosa kubwa ni kuvunja siri bila kujua. Usitoe matokeo ya kikundi chenye watu chini ya 5, na uchunge hesabu ya kutoa: ukichapisha wastani wa idara ya watu 14 na wa kitengo chake cha watu 10, wastani wa wale 4 waliobaki unapatikana kwa kalamu tu. Katika timu ya 12, mtu mmoja akihama kutoka 5 hadi 1 hushusha wastani kwa 0.33, hivyo usiitishe kikao cha dharura kwa sababu hiyo. Usikusanye majibu katika wiki ya bonasi wala ya tathmini.

Kuna pia fundo ambalo wengi hawalioni mapema. Ukiahidi siri kamili, huwezi kulinganisha furaha ya mtu na utendaji wake. Unabaki na wastani wa timu. Na timu zikiwa 20, uhusiano wa 0.40 bado unaweza kuwa bahati tu. Kwa kiwango cha kawaida cha takwimu unahitaji takriban 0.44. Shirika la ukubwa huo likusanye data za robo-mwaka kadhaa na kuifuatilia kila timu dhidi ya yenyewe, au limpe mtu wa nje namba za siri za kuunganisha fomu mbili, na wafanyakazi waambiwe hivyo kabla hawajajaza.