Una maslahi na makala ya Wikipedia? Usiiguse, omba

Mwalimu aliyenifundisha Jiografia sekondari alinipigia simu asubuhi moja ya masika, mlima umejifunika mawingu hadi miguuni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hivi si wewe ndiye wa mambo ya Wikipedia? Wameandika uongo kuhusu shule. Nimeufuta mara tatu, wanaurudisha mara tatu!"

Shule yenyewe ni sekondari moja ya huku juu ya Moshi, kwenye migomba. Alifundisha pale miaka mingi, na baada ya kustaafu wakamweka kwenye bodi. Nikaifungua makala yake ya Kiingereza. Ilikuwa fupi, na kweli ilikuwa na makosa mawili: mwaka wa kuanzishwa haukuwa wenyewe, na ilisema shule ni ya wavulana watupu, wakati mabinti wamejaa pale siku nyingi. Mwalimu alikuwa na haki. Kisha nikafungua historia ya makala, yaani orodha ya mabadiliko yake yote na waliyoyafanya, na hapo nikaona kilichomponza. Katikati ya masahihisho yake alikuwa amechomeka "shule bora kuliko zote mkoani Kilimanjaro, yenye nidhamu ya hali ya juu na mandhari ya kuvutia". Akaunti aliyoitumia ilibeba jina la shule, na ilikuwa imeshafungwa.

Nilicheka kidogo tu, maana mimi mwenyewe nilishafanya hayo, na zaidi.

Leo ni mkutubi hapa Moshi, na jioni nahariri Wikipedia, ya Kiingereza na ya Kiswahili, bila malipo. Zamani nilikuwa afisa mawasiliano wa kampuni moja ya utalii kule Arusha. Bosi alitaka kampuni "iwemo Wikipedia" kabla ya msimu wa wageni. Nikafungua akaunti kwa jina la kampuni, nikamwaga humo maneno ya kipeperushi chetu kama yalivyo. Kesho yake makala imefutwa, akaunti imefungwa. Badala ya kuuliza kwa nini, nikafungua akaunti nyingine kwa jina la kubuni, nikajifanya mtalii aliyefurahia safari. Nayo wakaigundua. Kosa la kwanza lilikuwa la ugeni, ningeeleza wakanielewa. La pili lilikuwa la kudanganya, na tangu hapo kila aliyeigusa mada ile alitazamwa kama mimi niliyerudi na kanzu nyingine.

Kwa hiyo nilipokutana na Mwalimu kwenye mgahawa karibu na Mnara wa Saa, sikuwa na kiburi cha kumhubiria.

Swali lake la kwanza lilikuwa zuri: "Mimi ndiye ninayeijua shule ile kuliko mtu yeyote. Kwa nini nisiandike?" Wahenga walishamjibu: mwamba ngoma huvutia kwake. Wikipedia haisemi mwamba ngoma ni mwongo. Inamtaka asiiwambe peke yake, upande wa pili ushikwe na mtu asiyehusika. Hilo la kuvutia ngozi kwetu halitokani na hila, ni macho tu hayaoni. Mwalimu aliniapia kwamba "nidhamu ya hali ya juu" ni taarifa, si sifa. Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wa Wikipedia, mwaka 2005 alikutwa amehariri makala inayomhusu yeye mwenyewe, hasa pale palipotajwa mchango wa mwenzake Larry Sanger katika kuianzisha. Baadaye alikiri kwamba hakupaswa. Kama yeye aliteleza, Mwalimu na mimi ni nani?

Maslahi yenyewe yana ngazi. Ukiwa ndugu, mwanafunzi wa zamani, mfuasi wa chama au mjumbe wa bodi, Wikipedia ya Kiingereza inakusihi sana usihariri makala hiyo moja kwa moja, na ujitambulishe. Ukiwa unalipwa, hapo si kusihi tena. Tangu Juni 2014 masharti ya matumizi ya Wikimedia Foundation, shirika linaloiendesha Wikipedia, yanamlazimu anayehariri kwa malipo kumtaja mwajiri wake, mteja wake na uhusiano wake na mada. Wengi hudhani kulipwa ni mpaka upewe bahasha kwa ajili ya makala ile. Sivyo. Afisa masoko wa hoteli anayehariri makala ya hoteli hiyo kama sehemu ya kazi yake amelipwa kwa mshahara wake. Mwalimu akauliza, kwa sauti ya chini, je posho ya kikao cha bodi? Nikamwambia aitaje. Haimpunguzii kitu, na ikija kutajwa na mtu mwingine itamgharimu.

Tukaanza kazi. Ujumbe wa kufungiwa ulionyesha tatizo lilikuwa jina la akaunti, kwa sababu akaunti ni ya mtu mmoja, si ya taasisi, na aliruhusiwa kufungua nyingine yenye jina lake. Kwenye ukurasa wake wa mtumiaji akaandika sentensi tatu: yeye ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa bodi ya shule fulani, hupata posho ya vikao, na hatahariri makala ya shule hiyo bali ataomba. Akakiri pia kwamba ile akaunti ya kwanza ilikuwa yake. Hilo la mwisho lilimuuma. Mimi nililiona ndilo la maana kuliko yote.

Kisha tukaenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala. Watu wengi hawajawahi kuubonyeza, ingawa uko pale pale juu, jirani na makala yenyewe. Katika Wikipedia ya Kiingereza unaweka hapo kigezo, yaani alama iliyotengenezwa tayari, kiitwacho edit COI (COI ni kifupi cha Kiingereza cha mgongano wa maslahi), na ombi lako linaingia kwenye foleni inayopitiwa na wahariri wa kujitolea. Bila kigezo hicho unaweza kukaa mwaka mzima ukiongea na ukuta.

Rasimu ya kwanza ya Mwalimu ilikuwa kurasa mbili. Ilianza na wamisionari, ikapita kwenye ujenzi wa bweni, ikaishia kwenye lawama kwa "watu wasiofika Kilimanjaro kutuandikia historia yetu". Niliipenda. Niliifuta yote. Anayeisoma foleni ile labda yuko kwenye daladala, ana dakika tano, na hajawahi kuisikia shule hiyo. Ukimpa kurasa mbili ataruka aende kwa mwenzako. Ukimpa jambo moja linalokaguliwa upesi, atalimaliza kabla hajashuka. Ombi lililobaki, kwa Kiswahili, lilikuwa hivi:

"Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule hii. Naomba sentensi ya pili ya aya ya kwanza, inayosema ni shule ya wavulana, ibadilishwe iseme ni shule ya wavulana na wasichana. Chanzo: matokeo ya kidato cha nne yaliyochapishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), ambapo safu ya jinsi inaonyesha watahiniwa wa kike na wa kiume."

Basi. Toa hiki, weka hiki, chanzo hiki, na mimi ni fulani. La mwaka tuliliandika kama ombi la pili, peke yake, ili moja likikataliwa lisilizamishe jingine.

Kwenye mwaka ndiko tulikotoka jasho. Mwalimu alikuja na picha ya jiwe la msingi aliyoipiga kwa simu. Nikaikataa. Akaja na barua ya mkuu wa shule yenye muhuri. Nikaikataa pia, akaanza kunitazama kama nilivyokuwa nikitazamwa zamani nikisahau ramani ya mtihani. Muhuri una nguvu ofisi ya wilaya, ila Wikipedia haina nafasi ya kuugonga. Inachotaka ni kitu kilichochapishwa ambacho msomaji wa Mwanza au wa Oslo anaweza kukitafuta na kukikagua: gazeti, kitabu, tasnifu ya chuo kikuu, taarifa ya serikali. Tovuti ya taasisi yenyewe hukubaliwa kwa mambo makavu kama anwani, na hukataliwa mara tu inapoanza kujisifu. Mwishowe nilikipata kitabu cha historia ya dayosisi kwenye rafu yangu mwenyewe, mwaka ukiwa umetajwa na ukurasa ukiwa na namba. Nilimwambia mapema kwamba dayosisi ndiyo iliyoanzisha shule, kwa hiyo chanzo si cha mtu baki, na mhariri anaweza kusita.

Usidhani ugumu huu ni wa watu wa migombani tu. Mwaka 2012 mwandishi wa Marekani Philip Roth alitaka kusahihisha maelezo ya Wikipedia kuhusu chimbuko la riwaya yake. Akajibiwa kwamba neno lake kama mwandishi linaheshimiwa, lakini unahitajika ushahidi mwingine. Akachapisha barua ya wazi kwenye tovuti ya jarida la The New Yorker. Barua ile ikawa chanzo, na makala ikaongezewa maelezo yake.

Hapa nina langu moyoni. Roth alikuwa na The New Yorker. Mzee wa Marangu ana nini? Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, na majina yao yapo kila kitabu. Waliobeba mizigo yao wengi hawakuandikwa, na hata leo wagumu wetu, wapagazi wa mlimani, hushuka bila jina lao kubaki popote. Ikiwa ukoo wenu una simulizi ya babu aliyekuwa kwenye msafara fulani, Wikipedia itawaambia leteni chapisho, na kwa kanuni zake iko sahihi, na bado inauma. Dawa ninayoijua ni ndefu: mwiteni mwandishi wa gazeti, mpelekeni mwanafunzi wa historia anayetafuta mada ya tasnifu, simulizi ichapishwe kwanza. Ensaiklopidia huwa ya mwisho kufika.

Wenye kampuni za kupandisha wageni, nanyi hunipigia. Mmoja aliniahidi laki tatu nimtengenezee ukurasa. Nilipokataa alisema kuna watu wamemtumia barua pepe, wanaahidi kumweka Wikipedia kwa dola. Mwaka 2015 wahariri walifichua mtandao uliopewa jina la Orangemoody, wakafungia akaunti 381 kwa mkupuo. Watu wale walikuwa wakizivizia rasimu za wafanyabiashara wadogo zilizokataliwa, wakimfuata mwenyewe wakijifanya wazoefu wa ndani, wakidai fedha ili makala ipite, halafu wengine wakidaiwa tena ya kila mwezi eti ya ulinzi isifutwe. Hakuna anayeweza kukuuzia ulinzi huo. Na kama kampuni yako haijaandikwa popote na watu wasiohusika nayo, hakuna ombi litakaloifanya iwe na makala. Chema chajiuza.

Picha ndizo mnaweza kutoa, tena nyingi, ila angalieni nembo. Mwaka 2019 kampuni ya mavazi ya safari The North Face na wakala wake wa matangazo huko Brazil walibadilisha picha kwenye makala za sehemu za utalii, wakaweka zenye bidhaa zao, kisha wakajigamba hadharani. Wahariri wakaziondoa au kuzikata, na kampuni ikaomba radhi. Ukiwa na picha safi ya njia ya Machame isiyo na jaketi la kampuni katikati, ipakie Wikimedia Commons, ghala la picha za Wikipedia, kwa jina lako, na hakuna atakayekuuliza.

Yapo machache unayoweza kuyagusa mwenyewe hata ukiwa na maslahi: herufi iliyokosewa, matusi ya wahuni, uzushi wa wazi usio na chanzo juu ya mtu aliye hai. Hata hapo, kwenye muhtasari wa uhariri, kile kisanduku cha kueleza ulichobadilisha, taja wewe ni nani.

Upande wa Kiswahili mambo ni ya kijijini zaidi. Wahariri wa kila siku ni wachache, kwa hiyo andika ombi lako kwenye Majadiliano kwa maneno ya kawaida, halafu mjulishe mmoja wa wakabidhi, yaani wasimamizi, au andika kwenye ukurasa wa jumuia, maana ombi lisilotangazwa huku hulala. Salimia kwanza. Huku bado salamu inasaidia.

Ombi la Mwalimu la wasichana lilijibiwa baada ya wiki sita: limefanyika. La mwaka nalo lilikubaliwa, ila mhariri aliongeza "kwa mujibu wa dayosisi". Mwalimu alinipigia akiwa amekasirika na amefurahi kwa pamoja.

"Kwa mujibu wa dayosisi! Kwani dayosisi inasema uongo?"

"Hapana Mwalimu. Amesema tu ni nani aliyesema."

Kimya kidogo. "Huyo mtu anakaa wapi?"

"Sijui. Jina lake la mtumiaji halionyeshi."

"Mwandikie asante kwa niaba yangu."

"Andika mwenyewe Mwalimu, akaunti unayo."

Aliandika. Siku mbili baadaye akanipigia tena. Amegundua kwamba kwenye Wikipedia ya Kiswahili makala nyingi za mito na kata za kwetu bado ni mbegu, yaani fupi mno, na ana madaftari yake ya Jiografia na vitabu vyenye kurasa. "Sasa nambie, mwanangu. Mto Karanga. Nimezaliwa kandokando yake, nimeoga humo, nimevuliwa humo na mama yangu nikikaribia kufa maji. Je, hayo ni maslahi?"